Imani na Maarifa katika Tamaduni Mbalimbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tabora na Kigoma

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu, watumishi wa afya na wasomaji wengine wa Tabora na Kigoma, ambao hukutana kila siku na mambo ambayo wanaanthropolojia wamekuwa wakiyajadili tangu karne ya 19, mara nyingi kwa mifano ya mbali sana na hapa. Pale ambapo mfano wa karibu unapatikana, nimeuchagua huo.

Anthropolojia ya imani na maarifa huchunguza nini hasa?

Huchunguza namna watu wa jamii fulani wanavyofikia kusema kwamba jambo hili ni kweli, lile ni la kubahatisha, na lile lingine halisemwi hadharani. Nani kati yao ana haki ya kutamka hivyo. Na ni njia gani wanazitumia kuthibitisha wanachokisema. Swali la kama mizimu ipo au haipo halimo katika kazi yake, ingawa ndilo ambalo wengi hutaka lijibiwe kwanza.

Mwaka 1871 Mwingereza Edward Tylor alieleza dini kuwa ni imani katika viumbe vya kiroho, akitegemea zaidi maandishi ya wasafiri na wamisionari. Njia hiyo ilibadilika Bronisław Malinowski alipokaa katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya, kati ya mwaka 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji na kuwafuata mashambani na baharini. Tangu wakati huo anayetaka kuzungumzia imani za watu hutarajiwa kuwa ameishi nao, kwa sababu yale ambayo mtu huyasema akihojiwa na mgeni na yale anayoyafanya mtoto wake anapougua usiku hayalingani sikuzote.

Kwa nini Wazande hutajwa katika kila mjadala wa uchawi?

Kwa sababu ya kitabu ambacho E. E. Evans-Pritchard alikichapisha mwaka 1937 baada ya kuishi kwa Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini na nchi za jirani. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa ghala la nafaka. Wazande hukaa chini ya ghala wakati wa joto la mchana, na mara chache ghala huanguka na kuumiza watu. Kila Mzande alijua kwamba mchwa hutafuna nguzo, na hakuna aliyesema kwamba nguzo imekatwa na mchawi. Walichotaka kujua ni kwa nini nguzo iliyokuwa ikitafunwa kwa muda mrefu ilikatika saa ile ile ambayo watu wale, na si wengine, walikuwa wamekaa chini yake. Mchwa hujibu swali la kwanza, na uchawi hujibu la pili. Wazande wenyewe waliuita uchawi mkuki wa pili, yaani ule unaomsaidia mwindaji wa kwanza kumwangusha mnyama.

Msomaji wa Tabora hana haja ya kwenda Sudan Kusini ili aelewe mantiki hiyo. Kijana akipata ajali ya bodaboda katika barabara ya Nzega, ndugu zake watataja breki mbovu, mwendo wa kasi na kofia ngumu ambayo hakuivaa, na wote watakubaliana. Kisha shangazi mmoja atauliza kwa nini ni yeye, na kwa nini ni wiki ile ile ambayo kesi ya shamba la marehemu baba yake ilikuwa imeamuliwa. Trafiki amelijibu swali la kwanza kikamilifu. La pili hajaulizwa, na hata angeulizwa asingekuwa na fomu ya kulijazia.

Kitabu hicho kilieleza pia namna Wazande walivyothibitisha tuhuma. Kifaranga kilipewa sumu iliyoitwa benge, swali likaulizwa, na kufa au kupona kwake kukawa jibu. Kisha kifaranga cha pili kilipewa sumu hiyo huku swali likiwa limegeuzwa, ili majibu mawili yalinganishwe. Yalipopingana, Wazande walisema kwamba sumu ilikuwa imechakaa, au mwiko ulikuwa umevunjwa, au uchawi wenyewe ulikuwa umeingilia. Kila kasoro ilielezwa kwa fikra zilizomo ndani ya mfumo ule ule, na kwa hiyo hakuna kasoro moja iliyoweza kuuangusha wote. Kwa maoni yangu hili ni zito kuliko habari za ghala, kwa kuwa linahusu kila mfumo wa maarifa, pamoja na ule tunaofundishwa shuleni.

Je, inamaanisha kwamba wanaoamini uchawi hawana mantiki?

Lucien Lévy-Bruhl, mwanafalsafa wa Ufaransa, alikaribia sana kusema hivyo mwaka 1910, alipodai kwamba watu wa jamii alizoziita za chini hufikiri kwa namna isiyojali kupingana kwa mawazo. Aliyalegeza sana madai hayo katika daftari zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuenea.

Jibu lililosikika zaidi barani Afrika lilitolewa mwaka 1967 na Robin Horton, aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Nigeria. Alisema kwamba fikra za jadi na sayansi hufanana katika jambo moja la msingi: zote huyaeleza mambo yanayoonekana kwa kutumia mambo yasiyoonekana, iwe ni mizimu au atomu, na zote hutafuta mpangilio nyuma ya vurugu za maisha. Tofauti aliyoiona ni kwamba mwenye fikra za jadi hana nadharia nyingine ya kulinganisha na yake.

Kwasi Wiredu wa Ghana hakuridhika na ulinganisho huo. Alihoji kwa nini fikra za mkulima wa Afrika ziwekwe kando ya fikra za mwanafizikia wa Ulaya, wakati wa haki ni kuzilinganisha na za mkulima wa Ulaya. Nakubaliana naye. Nadhani pia kwamba maelezo ya Horton kuhusu jamii isiyo na nadharia shindani hayaielezi Tabora hata kidogo, kwa maana mji huu umekuwa njia panda ya misafara tangu karne ya 19, na mtu aliyeishi Unyanyembe wakati wa Mtemi Isike alikuwa na Waarabu, Wamanyema, wamisionari na waganga wa mataifa mengi wa kuwalinganisha.

Uchawi ni jambo la Afrika peke yake?

La. Kati ya karne ya 15 na ya 18 mahakama za Ulaya ziliwaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 50,000 kwa kosa la uchawi. Huko Salem, Marekani, watu 19 walinyongwa mwaka 1692. Wala mambo hayo hayakuishia hapo: Jeanne Favret-Saada alichunguza wakulima wa magharibi mwa Ufaransa kuanzia mwaka 1969, na kitabu chake cha mwaka 1977 kinaeleza familia ambazo ng'ombe wao walikufa mfululizo na mavuno yao yakaharibika, zikatafuta mtaalamu wa kuwaagua. Aligundua kwamba hapakuwa na nafasi ya kuuliza maswali kama mtazamaji tu. Aliyezungumzia uchawi alichukuliwa ama kuwa amelogwa ama kuwa ana uwezo wa kuagua, na yeye mwenyewe akajikuta amepewa nafasi hizo.

Watafiti waliandika nini kuhusu Wanyamwezi?

Wameandika mengi, na kwa ubora usiolingana. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya vyama viwili ambavyo wazee bado huvikumbuka. Cha kwanza ni cha Baswezi, kinachohusu watu wanaopandwa na mizimu. Cha pili ni cha Bayeye, wataalamu wa nyoka, ambao walijua kuwakamata, kuwachezesha na kutibu waliogongwa. R. G. Abrahams, aliyefanya utafiti Unyamwezi kuanzia miaka ya 1950, alieleza nafasi ya mfumu, yaani mganga na mwaguzi, ambaye njia yake mojawapo ni kuchinja kifaranga na kukagua mabawa na viungo vyake ili ajue kama tatizo limetoka kwa wazee waliokufa, kwa mchawi au kwingineko.

Wasomaji wengi hupenda habari za Bayeye kwa sababu ya nyoka. Mimi navutiwa zaidi na jinsi maarifa yao yalivyopangwa. Dawa za sumu ya nyoka hazikuwa mali ya kila mtu; zilitolewa kwa ngazi, kwa ada na kwa kiapo, na hivyo imani, ujuzi wa mimea na uanachama vilikuwa kitu kimoja. Mtafiti anayezikusanya dawa peke yake, akaviacha viapo na ngazi kwa kudhani kwamba ni mapambo, amekata kiungo kimoja na kukiita mwili.

Watemi nao walihusishwa na mvua na rutuba ya nchi. Utemi ulipofutwa nchini mwaka 1963, kazi za utawala zilihamishiwa serikalini, lakini hakuna ofisi iliyokabidhiwa mvua.

Wavuvi wa Kigoma wanategemea imani au maarifa?

Swali hili limejengwa kana kwamba lazima mtu achague moja. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyesafiri katika Ziwa Tanganyika mwaka 1874, aliandika kwamba walipofika rasi ya Kabogo waongozaji wa mtumbwi walisimama, wakaweka shanga chache kwenye bapa la kasia, wakamwomba mwenye mahali pale awapitishe salama, kisha wakaziangusha majini. Yeye aliona ushirikina. Asilolitilia maanani ni kwamba watu hao hao ndio waliojua upepo hugeuka wapi, na kwamba baada ya kutoa shanga hakuna aliyeacha kupiga makasia.

Malinowski aliliona jambo linalofanana na hilo huko Trobriand. Uvuvi wa ndani ya wangwa, ambao ni salama na wa uhakika, haukuwa na uganga wowote. Ule wa bahari kuu, wenye hatari na bahati, ulizungukwa na taratibu nyingi za kiganga. Kwa maelezo yake uganga huanzia pale ujuzi unapofika mwisho, na hauchukui nafasi ya ujuzi. Maelezo hayo yana mapengo, maana ziko jamii zenye hatari kubwa na taratibu chache, lakini mtu yeyote aliyevuka kutoka Kigoma kwenda Kalemie kwa boti katika msimu wa upepo wa kusi hatayapuuza.

Suala la kupungua kwa samaki linafundisha zaidi. Ukiuliza katika mialo ya Kibirizi au Ujiji kwa nini dagaa na migebuka si wengi kama zamani, utasikia kuhusu nyavu zenye matundu madogo, wingi wa wavuvi na taa zenye mwanga mkali, na pengine kuhusu matambiko yaliyoachwa. Wanasayansi nao wana zaidi ya jibu moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na kwamba tofauti ya uzito kati yake na maji ya chini imeongezeka, kiasi kwamba upepo hauwezi tena kuyachanganya kama zamani; virutubisho vilivyoko kilindini havipandi, mwani unapungua, na dagaa wanakosa chakula. Ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 hivi huficha mengi chini. Mvuvi, kwa upande wake, anajua kwamba msimu wa kusi ndio unaoliamsha ziwa, ingawa haelezi kwa lugha ya uzito wa maji.

Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi 3 mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ubishi uliosikika vijiweni ulihusu nani amehojiwa, nani amepima, na nani atalisha familia wakati huo. Hayo ndiyo mambo ambayo anthropolojia ya maarifa huyafuatilia: mamlaka ya kusema kwamba jambo linajulikana, na gharama inayomwangukia mwingine.

Kuna ushahidi kwamba maarifa ya jadi ya mkoa wa Kigoma yamechangia sayansi?

Upo, na mfano bora unatoka katika milima ya Mahale. Mwezi Novemba 1987 Michael Huffman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyekuwa mtaalamu wa dawa na mfanyakazi wa utafiti wa sokwe. Walimfuata sokwe jike aliyeonekana mgonjwa: alikuwa mlegevu na alilala sana. Sokwe huyo akaenda kwenye mti mdogo wa Vernonia amygdalina, ambao Watongwe huuita mjonso, akamenya ganda na kutupa majani, akatafuna kiini na kumeza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu.

Kwa macho ya mtu asiyejua, lile lilikuwa tendo la kula tu. Kalunde ndiye aliyeeleza kwamba mmea ule ni dawa, na kwamba kwao hutumika kwa homa na magonjwa ya tumbo. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina yao wote wawili, na wanakemia wa Japani baadaye walitenga ndani ya mmea huo viambato chungu vyenye nguvu dhidi ya vimelea. Kalunde alisimulia pia namna babu yake alivyoijua dawa nyingine kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akila mizizi yake.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba maarifa ya Watongwe yalikuwa na njia ya uchunguzi: kutazama, kujaribu, kukumbuka na kurithisha. Pili, jina la mtaalamu wa kienyeji liliandikwa kwenye chapisho, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida. Katika maandishi mengi wataalamu wa namna hiyo huitwa wasaidizi, nao hutoweka kabla ya ukurasa wa pili. Huko Ufilipino mwaka 1954 Harold Conklin alionyesha kwamba Wahanunóo walitofautisha aina za mimea zaidi ya 1,600. Ni wachache wanaoweza kumtaja hata mmoja wa waliomfundisha.

Mkristo au Mwislamu anayekwenda kwa mganga ni mnafiki?

Viongozi wa dini wana jibu lao, na wana haki ya kulitoa. Mwanaanthropolojia huanza kwa kuchunguza kama kuamini kuna maana moja kila mahali. Rodney Needham alitilia shaka jambo hilo mwaka 1972: kwa kuwa dini zenye ungamo la imani humtaka mtu akubali maneno fulani kuwa kweli, tumezoea kudhani kwamba kila dini imejengwa hivyo, ilhali katika jamii nyingi jambo linalopimwa ni kama mtu ametimiza wajibu wake kwa wazazi, wazee na waliotangulia.

Kigoma na Tabora zina historia ndefu ya kuishi na njia zaidi ya moja. Uislamu ulifika Ujiji kwa misafara, na shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika (Mapadri Weupe) lilifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879. Mgonjwa mmoja anaweza kupimwa malaria zahanati, kunywa kombe lililoandikwa na shehe, na kupelekwa kwa mfumu na bibi yake, bila kuona kwamba amebadili dini mara tatu kwa wiki moja. Kila mahali ameuliza swali tofauti, na mara nyingi amepelekwa na mtu tofauti mwenye haki ya kumwamulia. Muuguzi anayemgombeza kwa kuchelewa atafanikiwa zaidi akiuliza ni nani katika familia aliyeamua waanzie wapi.

Je, mtafiti anapaswa kukubali kila imani bila kuihukumu?

Kuelewa kwanza na kuhukumu baadaye ni kanuni ya utafiti, na haimzuii mtu kulitaja dhuluma kwa jina lake. Tuhuma za uchawi katika mikoa yetu zimewaua watu, wengi wao wanawake wazee. Sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi ili kupambana na wizi wa mifugo, waliwageukia pia waliotuhumiwa kuwa wachawi. Na tangu miaka ya 2006 na 2007 taarifa za mauaji ya watu wenye ualbino zimeitia aibu Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani, Kigoma na Tabora zikiwemo.

Hapa utafiti makini una faida ambayo lawama za jumla hazina. Anayesema kwamba mauaji hayo ni mila za kale amekosea, na kosa lake linawapa wauaji heshima wasiyostahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliyahusisha na soko la hirizi za utajiri, hasa miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu na waganga wanaowauzia bahati. Ni biashara mpya yenye bei, madalali na wateja, na huvunjwa kwa kuwafuata hao.

Sheria nayo ina utata wake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 humtia hatiani anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa familia inayoamini kwamba imerogwa, Serikali huonekana kumlinda mchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kwa upande mwingine, inamtambua mganga aliyesajiliwa, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Mstari kati ya kuagua na kuchonganisha umeachiwa maofisa wa chini waukate wenyewe.

Wanasayansi wenyewe huchunguzwa?

Ndiyo. Bruno Latour, msomi wa Ufaransa, alikaa katika maabara ya kibiolojia ya Salk huko California, na mwaka 1979 yeye na Steve Woolgar walichapisha kitabu kinachoeleza hatua kwa hatua namna vipimo, mabishano na makala vinavyogeuza dhana kuwa jambo lisilobishaniwa tena. Wengi walikasirika, kama watu wanavyokasirika wanapoandikwa na mgeni.

Ninataka kuandika utafiti wangu kuhusu mambo haya nyumbani kwetu. Nianzie wapi?

Anza na barua ya chuo chako kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ambaye atakuelekeza wilayani, kwenye kata na kwa mtendaji wa kijiji. Watafiti kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na utafiti unaohusu afya hupitiwa kimaadili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au kamati inayotambuliwa. Ruhusa ya ofisi haimlazimishi mzee yeyote kukueleza dawa zake. Ukiambiwa jambo kwa sharti la kutoandika, usiliandike hata kwa jina la kubuni, kwa sababu katika kijiji kimoja jina la kubuni hutambulika kwa haraka.

Usianze kwa kuuliza kama watu wanaamini uchawi. Utapewa jibu ambalo mtu hudhani msomi anataka kulisikia. Omba usimuliwe ugonjwa mmoja uliokwisha, tangu siku ya kwanza: nani aliona dalili, nani aliamua, walikwenda wapi kwanza, walilipa nini, nani alipinga, na walijuaje kwamba umekwisha. Andika kwa Kinyamwezi, Kiha au Kitongwe kama ulivyosikia, na tafsiri ifuate chini yake. Mzee aliyekufundisha akitaka jina lake liandikwe, liandike kwenye ukurasa wa kwanza.